Divisheni Tatu Isiyofika Chuo: Kisa cha Mpwa Wangu Aliyerudia Kidato cha Sita

Matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2022 yalitoka Julai. Dada yangu alinipigia simu akiwa gengeni kwake, hapa Morogoro, na nyuma ya sauti yake nikasikia vigelegele vya akina mama wenzake. "Kaka, mwanao kapata divisheni tatu! Tunakwenda chuo!" Nikampongeza. Kisha nikafungua ukurasa wa Baraza la Mitihani, nikaitafuta namba ya binti, nikausoma mstari wake: divisheni ya III, pointi 15. Fizikia S, Kemia E, Baiolojia D.

Nikausoma tena. Nilikuwa nimefundisha kemia miaka kumi na minne na mstari wa namna ile naujua. Ni mstari unaoshangiliwa Julai na kuliliwa Agosti.

Mpwa wangu ameniruhusu nikiandike kisa hiki bila jina lake. Nakiandika kwa sababu kila mwaka nyumba nyingi hukutana na jambo hili na kuamua kwa pupa, ama kwa aibu, ama kwa maneno ya jirani.

Pointi moja

Matokeo yale yale hupimwa kwa mizani mbili zinazokwenda kinyume, na hapo ndipo wazazi wanapopotea. Baraza la Mitihani linapotoa divisheni hujumlisha masomo matatu ya kombi, yaani mchepuo wa mwanafunzi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Jumla ikiwa ndogo ndiyo heri. Kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Mpwa wangu alikuwa na 6, 5 na 4, akaingia la tatu na nafasi ikabaki.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haiulizi divisheni. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, yenyewe inahesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na inataka masomo mawili yanayohusika na kozi, yote yakiwa yamefaulu kwa E au zaidi, yaani prinsipo mbili kama tunavyoziita, yafikishe jumla ya pointi 4. Kwake Baiolojia ilimpa 2, Kemia ikampa 1. S ya Fizikia si prinsipo, haihesabiki. Jumla 3. Ilipungua moja, na kwa moja hiyo hakuna chuo kikuu nchini kingempokea kwa shahada yoyote.

Kwa nini S na E zilikuwa karibu kuliko zinavyosikika? Kwa sababu gredi ni kapu pana. E ni alama 40 hadi 49, D ni 50 hadi 59, S ni 35 hadi 39. Cheti hakionyeshi alama yenyewe. Mwenye E anaweza kuwa alibakiza alama moja kufika D, au alibakiza kumi. Uamuzi wa kurudia mtihani unaanzia kwenye swali hilo: huyu mtoto yuko sehemu gani ya kapu, na ni nini kilichomweka pale?

Tena yeye alitaka udaktari. Huko wanahitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia zote ziwe prinsipo, kwa hiyo milango miwili ilikuwa imefungwa kwa wakati mmoja.

Jumamosi nilikwenda kwao. Bibi alikuwa ameshachinja kuku. Sikutaka kuanza na wakubwa, nikamfuata binti uani, karibu na karo, alikokuwa anaosha masufuria. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mjomba, nilihesabu jana usiku. Nimeshindwa kumwambia mama."

Mabishano ya sebuleni

Tulikaa vikao vitatu. Shemeji alitaka tukate rufaa, karatasi zipitiwe upya. Namheshimu shemeji, na rufaa ni haki ya mtahiniwa, lakini nilimwambia wazi kwamba makosa ya kujumlisha hutokea somo moja, mtu mwenye A mbili halafu F. Masomo mawili yakianguka pamoja kwa kiwango kinachokaribiana, tatizo halipo kwa msahihishaji.

Dada alitaka stashahada ya uuguzi au utabibu. Hoja yake ilikuwa nzito na mpaka leo siipuuzi: miaka mitatu, mtoto ana kazi mkononi, na baadaye akiwa na GPA, yaani wastani wa ufaulu wa chuo, ya 3.0 anaweza kuomba shahada. Ila alikuwa hajui jambo moja. Stashahada za afya zinaombwa kwa matokeo ya kidato cha nne. Angekaa benchi moja na wadogo zake waliomaliza kidato cha nne, miaka miwili ya kidato cha tano na sita ikawa kama haikuwapo. Ada ingetoka mfukoni, maana mpango wa mikopo ya stashahada ulikuja mwaka wa masomo 2023/24, sisi tulikuwa 2022.

Mimi nilitaja programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo inampokea mwenye kidato cha sita aliyefikisha walau pointi 1.5 kwa masomo mawili. Akitoka na GPA ya 3.0 na C tatu kwenye masomo ya mchepuo wake, anaomba shahada. Yeye alikuwa na 3, kwa hiyo alistahili. Kama angekuwa anataka biashara, ualimu au sheria, ningemsukuma huko bila kusita. Ni njia nzuri na watu wanaidharau bure.

Binti mwenyewe alikuwa kimya vikao viwili. Cha tatu akasema, "Nataka kurisiti. Lakini sitaki kurisiti nikiwa hapa nyumbani."

Watu wazima tulisikia sentensi ya kwanza tu. Ya pili ndiyo iliyoamua mwaka wake, nitaifikia.

Mwandiko mzuri

Sharti langu la kumuunga mkono lilikuwa moja: tujue kwanza kwa nini alipata E ya Kemia. "Nitasoma kwa bidii zaidi" si jibu. Yule alikuwa anasoma mpaka saa saba usiku. Bidii haikupungua.

Likizo ya Septemba niliomba ruhusa kwa mkuu wangu wa shule, nikamwingiza maabara. Nikamwekea mezani bureti (ule mrija mrefu wa kupimia wenye koki), pipeti, flaski, asidi ya haidrokloriki, sodiamu kaboneti na kiashiria cha methyl orange. Nikavuta stuli, nikakaa, nikamwambia afanye taitresheni, yaani kudondosha asidi kidogo kidogo mpaka kiashiria kibadilike rangi, kama vile niko kwenye usimamizi wa mtihani.

Akaijaza bureti asidi bila kuisuuza kwa asidi hiyo hiyo, maji yakabaki ndani. Akaiacha faneli juu. Akafungua koki kwa nguvu. Rangi ya manjano ikaruka moja kwa moja mpaka nyekundu, ile rangi ya machungwa tunayoitafuta hakuiona ikipita. Akaisoma bureti akiwa amesimama wima, jicho juu ya usawa wa kimiminika. Akaandika 24.5.

Makosa matano, na dakika kumi hazijaisha. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini bureti inasomwa kwa desimali mbili, 24.50, na msahihishaji anakata.

"Shuleni mlifanya mara ngapi?"

"Kila wiki, Mjomba. Kikundi chetu hakikukosa."

"Wewe mwenyewe ulishika koki mara ngapi?"

Akatazama chini. "Mimi nilikuwa naandika. Walisema nina mwandiko mzuri."

Niliinuka nikaenda dirishani. Mimi ni mwalimu, na kwenye maabara yangu mwenyewe kuna vikundi vya watoto sita sita, na kila kikundi kina mwandishi wake, mara nyingi msichana, mara nyingi mwenye mwandiko mzuri. Darasa lao la PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini na bureti nzima nane. Sikumlaumu mwalimu wao. Lakini mtoto alikuwa amemaliza miaka miwili ya kemia akiwa katibu wa majaribio ya wengine, kisha siku ya mtihani wa vitendo wakampa bureti yake peke yake, kwa mara ya kwanza.

Fizikia ilikuwa na ugonjwa huo huo kwa sura nyingine: alichora grafu vizuri sana, lakini mteremko aliutafuta kwa kuchukua nukta mbili za jedwali badala ya nukta zilizo juu ya mstari, na vizio alivisahau nusu ya mara. Kwenye nadharia, tatizo lake lilikuwa Kiingereza cha kueleza. Ukimwuliza kwa Kiswahili kwa nini elementi za kundi la kwanza zinazidi kuwa kali kadiri unavyoshuka, anakueleza vizuri mpaka unaridhika. Karatasini anaandika mistari miwili iliyokariri daftari.

Hapo nikaridhika kwamba kurudia kuna maana. Sababu ilikuwa na jina, na ilikuwa ya aina inayotibika kwa miezi minane.

Nilimlinganisha moyoni na kijana wa mtaa wetu, mwanafunzi wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), aliyerudia mara mbili. Alijiandikisha, akarudi kwenye kituo kile kile cha twisheni, madaftari yale yale, maswali yale yale ya kukariri. Mara zote mbili alitoka na E moja na S mbili. Hakuna aliyewahi kuketi naye na karatasi aliyoiandika mwenyewe. Leo yuko kwenye stashahada ya ugavi na anafanya vizuri, lakini ile miaka miwili inaniuma, kwa kuwa ningeweza kumwita siku moja tu nikamtazama anavyojibu, na sikufanya hivyo.

Kujisajili

Sehemu hii ni fupi ila ndiyo iliyotugharimu. Mtahiniwa wa kujitegemea hasajiliwi na shule. Anatafuta kituo, anapewa namba rejea, anajaza taarifa zake kwenye mfumo wa Baraza, anapata kumbukumbu namba ya malipo na kulipa. Awe na krediti tatu, yaani C au zaidi, za kidato cha nne. Yeye alikuwa nazo saba. Ada ya kawaida ilikuwa shilingi 50,000. Sisi tulilipa 65,000, kwa sababu tulimaliza vikao, tukamaliza uchunguzi wangu wa maabara, tukajikuta muda wa kawaida umepita na tupo kwenye muda wa faini. Kosa ni langu. Ningemsajili kwanza.

Kituo cha kwanza tulichoendea, karibu na nyumbani, hakikuwa na maabara na hakikuchukua wa sayansi. Tukahamia cha mbali, nauli mbili. Mwenye PCB au kombi nyingine ya sayansi, kama PCM au CBG, aulize maabara kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Alijisajili masomo yote matatu, hata Baiolojia aliyokwishapata D. Shemeji aliona ni kujitwisha mzigo. Mimi nilitaka awe na cheti kimoja kinachojitosheleza, na nilijua Baiolojia ndiyo inayoweza kupanda kwa haraka kuliko zote. Na tofauti moja na watoto wa shule niliwaeleza wote mapema: wale huingia na alama za maendeleo walizokusanya darasani, wa kujitegemea huingia na kalamu yake tu. Alama zake zote zinatoka kwenye mtihani wenyewe. Kwa hiyo kulenga D ili upate D ni kujidanganya. Tulilenga B.

Mwaka wa mtu aliye nyumbani

Sasa narudi kwenye ile sentensi ya pili. Mtu anayerudia mtihani akiwa nyumbani, machoni pa familia yuko tu. Hajavaa sare, haamki kwenda popote. Mgeni akija, yeye ndiye wa kuchemsha chai. Mtoto wa kaka akiugua, yeye ndiye wa kumpeleka zahanati. Genge likizidiwa, "wewe si upo?" Oktoba nilipita kwao saa nne asubuhi, nikamkuta anachambua mchicha, kitabu cha fizikia kimekaa juu ya gunia la viazi, kimefunguliwa ukurasa ule ule niliomwachia siku tatu kabla.

Sikumsema dada. Genge ndilo lililosomesha watoto wote wa nyumba ile. Nilimwomba tu aniachie binti mpaka Mei. Akalia kidogo, akasema, "Kaka, unadhani ninamwonea?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia mtoto wetu ana mtihani, kama mtoto aliye shuleni, tofauti ni kwamba hana kengele.

Kwangu alikuwa na kengele. Saa mbili asubuhi anatoka na mkoba kwenda maktaba ya mkoa, anarudi saa tisa. Jumanne na Ijumaa anakuja maabara baada ya wanafunzi wangu kuondoka. Twisheni ya fizikia alikwenda kwa mwalimu mwenzangu, shilingi 30,000 kwa mwezi. Usiku anaandika jibu moja la maelezo kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, nami nalisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla ya kulala. Jibu moja tu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili yakafika zaidi ya mia na hamsini.

Taitresheni alizihesabu mwenyewe kwenye daftari dogo lenye jalada la bluu. Ya kumi na moja ndiyo ya kwanza kuiona rangi ya machungwa ikitulia. Aliita, "Mjomba, njoo! Njoo uone!" Nikakuta amepiga magoti ili jicho lilingane na usawa, karatasi nyeupe ameiweka chini ya flaski, mkono wa kushoto umeshika koki na wa kulia unatikisa. Tone moja. Ikageuka. Baada ya hapo usomaji wake mara tatu mfululizo ulipishana chini ya 0.2, na nikajua tumefika.

Kuna wiki alizovunjika. Januari alikutana sokoni na wenzake waliokuwa likizo kutoka chuo, wakamwuliza anasoma chuo gani. Alirudi akalala mchana kutwa. Mke wangu ndiye aliyekwenda kukaa naye, sijui walisema nini. Kesho yake akabeba mkoba.

Julai nyingine

Matokeo ya 2023: Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D. Kwa hesabu ya Baraza ni 10, divisheni ya pili. Kwa hesabu ya TCU, masomo mawili yanampa 6, na yote matatu ni prinsipo. Kutoka 3 mpaka 6.

Tangu 2017/18 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, hakuna tena kupangiwa kupitia mfumo mmoja wa Tume. Aliomba udaktari vyuo vitatu na shahada ya uuguzi kwenye viwili. Udaktari hakuchaguliwa hata kimoja. Alikuwa na vigezo vya chini, lakini vigezo vya chini vinakuruhusu kusimama kwenye foleni, na foleni ya udaktari imejaa watoto wenye A na B. Nilikuwa nimemwambia hivyo tangu mwanzo, na bado siku ile ilimuuma, nami iliniuma. Uuguzi alichaguliwa dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi. Bodi ya Mikopo wanataka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano, naye alikuwa ndani kabisa; akapata mkopo, si wote, ila wa kutosha kwenda.

Nikiulizwa kama mwaka ule ulistahili, nasema ndiyo, kwa huyu. Ningebadilisha mambo mawili. Ningemsajili Julai ile ile, kabla ya kikao cha kwanza. Na ningemwambia aombe pia stashahada mwaka ule wa kurudia, awe na barua ya kuchaguliwa drooni kwake. Tulimpeleka mtihanini akiwa na njia moja tu, na usiku wa kuamkia karatasi ya vitendo hakulala, alikaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Uzito ule haukuwa wa lazima.

Oktoba, siku mbili kabla ya kusafiri, alikuja na binti wa jirani yao, amemaliza mwaka huo, mstari wake unafanana na ule wa kwetu kama pacha: tatu, pointi 15, Kemia E. Mpwa wangu akampa daftari la bluu. Akamwuliza, "Kwenye kikundi chenu ulikuwa unafanya nini?"

Yule binti akasema alikuwa anaosha vyombo vya maabara.

Wakanitazama wote wawili. Nikawauliza kama ameshapata kituo chenye maabara na muda wa kawaida wa usajili haujampita. Alikuwa ameshasajiliwa tangu Agosti. Nikachukua funguo.